Sauti Ndani ya Spika

Msiniite mwongo kabla sijamaliza. Nililinda mlango wa nyuma wa ukumbi wa muziki mpaka nikastaafu, na damu niliyodeki mle ndani ingetosha kupaka rangi nyumba nzima, vyumba na baraza.

Miaka hiyo watu walikuwa na wazimu wa mwimbaji mmoja aliyeitwa Kioo. Kijana mzuri, sina kinyongo: meno kama yamepigwa pasi, kifua kinang'aa mafuta. Sura yake ilikuwa kwenye mabango, kwenye sabuni, mpaka kwenye kandambili. Kuimba tu ndiko kulikomshinda. Sauti ilikuwa ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, tuliyemwita Kinanda. Meneja aliitoa matumbo spika moja kubwa ya jukwaani, akaweka kigoda ndani, na humo ndimo Kinanda alimokaa na kipaza sauti, akichungulia kupitia kitambaa cha mbele. Kioo akitikisa bega, Kinanda anaanza. Kioo akifunga mdomo, Kinanda ananyamaza. Mlango wa ile spika ulikuwa na komeo, tena kwa nje.

Siku ya onyesho kubwa, watu wameshajaa na wanakanyaga sakafu kwa vishindo, Kinanda akasimama mbele ya meneja.

"Leo siingii kwenye sanduku, bosi. Wimbo mmoja tu. Waione sura inayoimba."

"Sura ipi?" Meneja akacheka. "Hiyo? Dada yangu, hiyo ni sura ya redio."

"Basi leo Kioo aimbe mwenyewe."

Meneja akamkamata nywele, akaanza kumburuta kuelekea kwenye spika. Kinanda akamng'ata mkono, akang'ang'ania. Meneja akamtandika kofi, halafu jingine, mdomo wa mtoto wa watu ukapasuka, lakini meno hayakuachia. Nikapiga teke kiti changu, nikaja mbio. Kabla sijafika, meneja alikuwa ameshanyakua stendi ya kipaza sauti, ile ya chuma yenye kitako kizito, akaizungusha kumlenga Kinanda kichwani.

Kinanda akainama.

Na Kioo naye ndiyo kwanza alikuwa anaingia, kuuliza kama nyusi zake zimelingana. Chuma kikamkuta puani. Kilichosikika ni kama mtu amekanyaga kreti la mayai.

"Pua yangu!" Meneja akapiga yowe, ingawa pua ilikuwa ya Kioo.

Hapo nikamfikia. Nilimwinua kwa ukosi na mkanda, nikamrusha, akapasua ngoma mbili, na naapa alipotokea upande wa pili alikuwa bado anaililia ile pua.

"Mjomba, usimuue," Kinanda akasema, akitema damu. "Nina kazi."

Akapanda jukwaani. Akaimba wimbo ambao kila mtu mle ukumbini aliujua neno kwa neno, kwa sauti ileile waliyoizoea. Mnadhani walishangilia?

"Mwizi! Anamuiga Kioo!"

"Na hata kuiga hajui!"

"Mtoeni huyo bibi, tunamtaka Kioo!"

Chupa zikaanza kuruka. Moja ikampasua paji la uso, damu ikamwingia machoni. Hakushusha sauti hata chembe. Nilipomvuta gauni arudi ndani, alinipiga teke la ugoko, na mpaka leo mvua ikikaribia ule ugoko hunipa taarifa kabla ya redio.

Ndipo Kioo akatoka, pua imehamia karibu na sikio. Akachukua kipaza sauti.

"Ni yeye! Siku zote ni yeye!"

Hakuna aliyeamini. Ikabidi aimbe. Jamani! Bawaba ya geti ina huruma kuliko sauti ile. Mbwa wa mtaa wa pili waliitikia. Mashabiki wakavamia jukwaa, wakafungua lile komeo, wakakuta kigoda, mto wa kukalia na chupa ya maji.

Wakamkumbuka meneja. Walimpiga kwa viatu, kwa vyuma vya taa, na kwa zile kandambili zenye sura ya Kioo. Walipochoka wakamtia ndani ya spika, wakafunga komeo, wakaibiringisha barabarani. Alilia njia nzima, na kilio chake kilikuwa na sauti tamu kuliko ya Kioo.

Mngesema yamekwisha. Haikupita wiki, akaja meneja mpya, mpole, na mabango mapya: Kinanda na bandeji kichwani, tone la damu shavuni. Wasichana wakawa wanavaa bandeji kwendea sokoni, mpaka zahanati zikaishiwa. Kidonda kilipopona, yule mpole akamfuata chumba cha kuvalia na bandeji mpya, imeshapakwa rangi nyekundu.

"Vaa, mwanangu. Bila hii hawakujui."

"Kidonda kimepona."

"Basi tutakipasua kidogo," akasema taratibu, akatoa wembe mfukoni.

Kinanda akampiga goti la tumbo, na alipoachama kutafuta pumzi, akamsokomeza ile bandeji mdomoni mpaka ikapotelea yote ndani. Mimi nikamfunga mikono kwa waya wa kipaza sauti. Wembe niliuokota, nilinyolea ndevu mwezi mzima.

Kinanda akapanda jukwaani na kovu lake wazi. Mstari wa mbele msichana mmoja mwenye bandeji akamkazia macho, kisha akawageukia wenzake.

"Huyu siye! Yuko wapi yule wa bandeji?"

Nikaona mkono unaokota chupa. Kinanda naye aliuona. Akavuta pumzi, akaanza kuimba, na mimi nikakunja mikono ya shati.