Shimo Lililobaki Shinyanga

Mimi ni Salmini bin Majaliwa bin Feruzi bin Sadala. Sadala alitoka Ujiji akiwa fundi wa mbao, na milango aliyoitengeneza hapa Shinyanga ilifungwa na kufunguliwa miaka arobaini bila kulia. Feruzi alipima mashamba kwa mnyororo, wala hakupata kupokea hata kuku mmoja kutoka kwa mwenye shamba. Majaliwa, baba yangu, alikuwa karani wa boma, na mwandiko wake ulisifiwa mpaka Tabora. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuitwa shaurini. Nayaandika haya mwanzoni ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolieleza halikutoka kwao.

Mwaka 1997, baada ya kustaafu kazi ya ramani serikalini, niliajiriwa na kampuni ya kutafuta dhahabu niwe mtunza ramani katika ofisi yake ya Shinyanga. Wachorongaji, yaani watoboaji wa miamba, walikuwa Geita, na ofisi yao ilikuwa Kalangalala. Kambi nyingine ndogo ilikuwa Ushirombo. Ramani zote zilikaa ndani ya kompyuta kubwa ya Shinyanga, waliyoiita seva, nasi tuliunganishwa na wenzetu kwa madishi ya setilaiti.

Siku ya kwanza niliweka masharti mawili. Hakuna mstari utakaoongezwa katika ramani ila kwa mkono wangu. Na mtambo wa kuchoronga hautasogezwa kwa neno la mdomo. Utasogezwa kwa ramani iliyochapwa siku ileile, saa moja kabla ya mtambo kuondoka. Nkwabi, msimamizi wa wachorongaji, aliwahi kuvunja sharti la pili, nami nikamwandikia barua ya onyo yenye kurasa mbili.

Masharti yalikuwa mazuri, lakini njia ilikuwa mbovu. Kila ramani iliyofunguliwa Geita ilisafiri kutoka Shinyanga kipande kwa kipande. Nkwabi alisema anaifungua, anakwenda kunywa chai, anaosha kikombe, na akirudi anakuta nusu ya mlima tu. Mvua ikinyesha, hata nusu hiyo haikuonekana.

Ndipo meneja wetu, Bwana Stanslaus, alipomwajiri Amira, mjukuu wangu, kwa majaribio ya miezi mitatu. Sikumwombea kazi. Siku ya usaili nilitoka nje ya jengo na kusimama juani mpaka alipomaliza.

"Babu," aliniambia wiki ya kwanza, "ramani zote nimeziweka katika fungu moja. Fungu la asili litabaki hapa, na ni hapa tu unapoweza kuandika. Geita na Ushirombo nitaweka nakala za kusoma tu, na hapa pia moja. Mtu wa Geita akifungua ramani, ataipata ndani ya seva yake mwenyewe, hata dishi likizimika."

"Na akitaka kufuta kitu?"

"Hawezi. Ataambiwa ni ya kusoma tu."

"Hata Nkwabi?"

"Hata meneja, babu."

Hapo nikaanza kuipenda kazi yake.

Kwa siku mbili aliandikisha katika seva mahali ambapo nakala zingewekwa. "Lakini kuandikisha mahali hakupeleki kitu," alinionya. "Kinachopeleka ni amri ya kuachilia. Ukiitoa, nakala zote zinachukua sura ya fungu la asili kama lilivyo wakati huo. Ukiandika jambo jipya baadaye, nakala hazilijui mpaka uachilie tena. Kwa hiyo nataka kompyuta iachilie yenyewe kila jioni."

"Hapana," nilisema. "Kazi ambayo sijaikagua haitoki chumbani humu. Amri nitatoa mimi, kwa mkono wangu."

Amira alinitazama kidogo. "Sawa, babu." Akaiandika amri ile kwenye kikaratasi, akakibandika kando ya kioo cha kompyuta yangu.

Nilitoa amri ya kwanza mbele ya wafanyakazi wote. Dakika kumi baadaye redio kol ikalia kutoka Kalangalala.

"Namhala!" Nkwabi hunipa heshima ya uzee kwa Kisukuma anapofurahi. "Ramani imefunguka kabla sijakaa! Sasa vijana wangu watakunywa chai saa ngapi?"

Siku ya Jumanne ya wiki iliyofuata, nilikuwa nalinganisha ramani zetu na mchoro wa karatasi wa wachimbaji wa zamani wa kikoloni. Nikaona jambo. Mahali tulipopanga kuchoronga tundu namba arobaini na moja palikuwa na shimo lao la wima, lililofunikwa kwa magogo na udongo miaka mingi. Juu pameota majani. Anayepita haoni kitu. Mtambo wetu ulikuwa na uzito wa tani kumi na mbili, na watu sita huuzunguka. Nililichora shimo kwa rangi nyekundu, nikalitazama kwenye kioo, nikaona liko mahali pake. Nikaenda nyumbani nimenyooka kwa fahari, nikamsimulia mke wangu Mwasiti mara mbili.

Jumatano saa nne asubuhi nilimwita Nkwabi kwenye redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua ramani. Unaliona shimo jekundu?"

"Sioni shimo."

"Vaa miwani."

"Sina miwani, mzee. Labda shimo liko kwenye miwani yako." Nilisikia vijana wake wakicheka nyuma yake.

"Nkwabi, mimi ninalitazama sasa hivi! Usisogeze mtambo saa nane."

"Mzee wangu, wewe mwenyewe uliniandikia kurasa mbili. Neno la mdomo silifuati tena. Saa saba nitachapa ramani, nayo nitaifuata kama ilivyo. Au barua ile niichane?"

Kabla sijamjibu, ngurumo ilipiga, redio ikaanza kukoroma, sauti yake ikapotea.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Stanslaus. Amira alikuwa huko. Nilisema, na nasikitika kwamba nilisema kwa sauti kubwa, kuwa nakala hizi ni za uongo, kwamba Shinyanga kuna shimo na Geita hakuna, na kwamba watu sita watapotea kwa sababu ya mfumo wa mtoto.

Bwana Stanslaus alijaribu redio mara tatu, ilikoroma tu. "Amira," alisema, "ikiwa ni hivyo, leo hii tunaiondoa kazi yako, na majaribio yanaishia hapa."

Amira hakupandisha sauti. Alikuja mpaka kompyuta yangu, sisi tukimfuata, akafungua ramani kwa anwani niliyozoea. Shimo lilikuwepo, jekundu.

"Hii ni anwani ya kuandikia, babu. Inakupeleka kwenye fungu la asili, nayo unaitumia wewe peke yako." Kisha akafungua ramani ileile kwa anwani nyingine. "Na hii ndiyo anwani ya kusomea, wanayopitia wenzako wote."

Mahali pale palikuwa patupu. Hapakuwa na shimo.

"Babu, jana baada ya kuchora, uliachilia?"

Kikaratasi kilikuwa kinanitazama, sentimita kumi kutoka kwenye pua yangu. Niliyedai kwamba amri isitolewe na mwingine yeyote ni mimi. Na niliyeenda nyumbani bila kuitoa ni mimi.

"Bwana Stanslaus," nilisema, "mfumo wa huyu binti ni mzima. Kosa ni langu, na maneno niliyoyasema kule ofisini nayafuta mbele yako."

"Babu, mawingu," alisema Amira. "Andika kwanza, utubu baadaye."

Niliandika amri. Vidole vyangu, ambavyo vimechora mipaka ya wilaya nzima, vilikosea herufi mara mbili. Kompyuta ikaanza kutoa taarifa. Shinyanga imepokea. Tukasubiri. Mvua ilianza kupiga bati. Geita imepokea. Tukasubiri tena, Ushirombo haikujibu, na taa ya dishi ikazimika.

"Ushirombo watabaki na ya zamani mpaka kesho, tutaachilia tena," alisema Amira. "Huko hawachorongi leo. Nkwabi anayo mpya, na ataichapa hata bila dishi, kwa sababu iko ndani ya seva yake."

"Akiichapa," alisema Bwana Stanslaus.

"Atachapa," nilisema. "Nilimwandikia kurasa mbili."

Saa saba ikapita, na saa nane. Sikula. Saa kumi kasoro robo mvua ilipungua, redio ikapata uhai.

"Namhala! Shimo limekuja!" Ilikuwa sauti ya Nkwabi. "Asubuhi halikuwepo, saa saba lipo. Mtambo tumeuacha barabarani, tukaenda kwa miguu na mtaimbo. Nimechoma ardhi mara moja, mtaimbo ukaniponyoka wote! Tumehesabu mpaka nne ndipo tukausikia unagonga chini. Kampuni inanidai mtaimbo?"

"Mtaimbo nitanunua mimi," nilimjibu. "Na barua ile usiichane."

"Siichani. Ila kwa ile miwani nakuomba radhi."

"Usiombe. Ilikuwa kweli: shimo lilikuwa kwenye miwani yangu."

Mwisho wa miezi mitatu Amira alipewa kazi ya kudumu. Kompyuta ikawa inaachilia yenyewe kila jioni, na mimi nikabaki na kazi ya kukagua kwa anwani ya kusomea. Mwasiti alinitaka nimsimulie kisa hiki mara mbili pia, kama nilivyofanya kile cha kwanza, nikamsimulia.

Basi ninyi wajukuu, mnaokaa mbele ya kompyuta na kusema "nimeshasahihisha": nyamazeni kwanza. Achilieni mlichoandika, kisha kitazameni kwa njia anayopitia mwenzenu aliye mbali, mkakione kwa macho yake. Mkishakiona huko, ndipo mseme. Katika ukoo wa Sadala mimi ndiye wa kwanza kukiri kosa kwa maandishi, na sikulikiri ili mlisome na kucheka. Lishikeni.