Sumu ya Majaribio Matatu

Nilikuwa maabarani nafunga uzi kwenye ukanda wa msuli wa moyo wa chura, mwembamba kama njiti ya kiberiti, Munira akinishikia taa. Ukikaza mno msuli unakatika. Ukilegeza, kalamu ya mashine inayoandika mapigo haichori kitu. Nikauteremsha ndani ya kikombe cha maji ya chumvi yaliyopimwa. Ukaanza kupiga, kalamu ikachora vilima vidogo kwenye karatasi.

"Mzee Matonya, mikono hiyo! Mimi ningeshakata mitatu."

"Nami nilikata mingi. Sema hakuwepo wa kunihesabia."

Munira, mwanafunzi wa chuo, anasomea sumu ya ngogo, samaki wa Bahi mwenye miiba. Mjomba wake, mchuuzi wa samaki, alichomwa akipakia tenga. Mkono ukavimba, moyo ukamwenda mbio siku nzima. Munira anataka kujua sumu ile inaufanya nini msuli wa moyo. Kwa siku sita alikuwa akiiyeyusha na kuitia kikombeni, na vilima vilipanda mara mbili ya kimo chake. Ijumaa angempelekea msimamizi wake matokeo. Bwawa la Bahi limekauka, ngogo hawapatikani mpaka mvua. Sumu kavu iliyobaki ilitosha majaribio matatu.

Kabla hajaiyeyusha, niliona pete nyeupe ndani ya bilauri iliyokaukia mezani, kama ya birika la nyumbani. Maji tunayoyeyushia sumu hayana chumvi wala chokaa, hayaachi pete. Nikakumbuka wiki iliyopita bomba lilipotoka baada ya siku tatu. Nilijaza kila chombo kitupu. Na dumu lile la maji ya kuyeyushia sumu.

"Munira, subiri. Dumu hilo nimelijaza maji ya bomba. Mimi mwenyewe."

Akanitazama. "Wagogo nyie! Mkisikia bomba linakoroma mnajaza hata viatu." Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshuka mezani.

Kisha akavuta maji ya dumu, bila sumu, akayatia kikombeni. Vilima vikapanda, kwa chokaa ya bomba tu.

Hakuna aliyetuona. Sikumwambia la kufanya. Alifungua daftari, akapiga mstari mmoja kukata kila ukurasa wa siku sita, akaandika: *Maji ya bomba. Kosa limegunduliwa na B. Matonya.*

"Andika pia nani alilifanya."

"Hilo nalo naandika, usijali."

Nimefundisha wengi kufunga uzi. Wa kufuta kazi yake mwenyewe bila kuambiwa, huyu ndiye wa kwanza, na niligeukia kabati nitafute chupa ya maji iliyofungwa ili asinione uso.

Tuliuosha msuli mara tatu, tukangoja vilima virudi chini. Akayeyusha sehemu ya kwanza ya sumu, akaitia. Vilima vilipanda, chini ya vile vya jana, ila vilipanda. Dakika ya nne vikaanza kushuka, vikapita hata pale vilipoanzia.

"Mzee! Huku kushuka hatujawahi kukuona!"

"Huenda maji ya bomba yalificha kushuka huko. Au msuli umechoka tu."

"Nitie tena?"

"Kwanza tuchemshe sehemu moja tuijaribu, maana moto huiua sumu. Ikikosa nguvu, tutajua ya leo ilikuwa kazi ya sumu yenyewe. Na tuanze na msuli mpya."

Saa kumi na moja ilikuwa imepita. Akaandika dakika ile ya nne, akaizungushia duara. Sumu ya majaribio mawili ikarudi kwenye friza. Nilikata nyuzi za kesho, nikazilaza juu ya kitambaa safi, moja moja.