Nionyeshe Jiwe Jingine

"Miguu, mama, miguu! Mbona unapiga maji kama unafukuza nyoka?"

Daphine alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa bwawa na sare yake ya ulinzi, jasho likimtiririka shingoni. Kuruthum alikuwa ameing'ang'aniza mikono yote miwili kwenye ngazi ya chuma, na dera lake lilijaa hewa likamvimba mgongoni. Ilikuwa Ijumaa mchana, juu ya paa la jengo lao la Oud Metha, ughaibuni. Wanaume walikuwa msikitini, wake zao wamelala, na maji ya Agosti yalikuwa ya moto kama ya kumkanda mzazi.

Sheria ya jengo ilikataza yaya kuingia majini bila mtoto wa mwajiri wake. Kwa hiyo Muna alikuwepo, miaka mitano, na maboya yake ya njano mikononi, akizunguka kule katikati bila wasiwasi wowote.

Ukitaka kucheka, cheka. Daphine, Mganda aliyezaliwa mbali na bahari yoyote, alikulia visiwa vya Kalangala na aliogelea ziwani kabla hajajua kusoma. Kuruthum, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, ambako bahari huisikia ukiwa jikoni, hakuwahi kulowa kupita magoti. Wavulana walikuwa wakijirusha majini. Wasichana walibaki ukutani kuwashikia nguo.

Lakini Madam Ghada, mama yake Muna, angejuaje? Siku ya kwanza alimuuliza, "Wa Mombasa? Basi unajua kuogelea." Kuruthum akasema, "Na'am, madam." Nani humkatalia madam swali la kwanza? Miezi ikapita, jambo likasahaulika. Kisha sir, mumewe, akakodi nyumba katika kisiwa kidogo cha Ugiriki, nyumba nyeupe yenye ngazi za kushukia hadi ufukwe wa mawe, na viza zikatoka, ya Kuruthum ikiwemo. "Asubuhi sisi tutakwenda na mashua ya marafiki," madam alisema. "Wewe na Muna mtabaki ufukweni." Safari ilikuwa kesho.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Kuruthum alijiambia, ingawa yeye hata nguo hakuvua. Akaiachia ngazi.

Akazama papo hapo. Maji yalikuwa ya kifuani tu, lakini miguu haikuipata sakafu, na masikio yakajaa ngurumo. Daphine alimvuta kwa ukosi wa dera mpaka akashika ukingo, akikohoa.

"Banange! Jamani, nimekuambia, kichwa kikiwa chini usivute pumzi!"

Muna alikuwa ameona yote. Akaja taratibu, akamkazia macho, akamwita kwa matamshi ya kwao.

"Kulthum, wewe hujui."

"Nalikuwa nakuchezea tu, mwanangu."

"Hujui. Usilie. Sitamwambia mama." Mtoto akavua boya la mkono wa kulia, akaanza kumvisha. Liligota kwenye vidole. "Ukizama kule, mimi nitakushika."

Kuruthum akalitazama lile boya vidoleni mwake. Baridi ikamwingia mwilini katika maji yale ya moto, maana alimjua Muna: akisema atamshika, atamfuata hata kilindini.

Jioni ile alimkuta madam nyumbani, sakafuni katikati ya masanduku, akimsubiri Muna amletee soksi nyingine nzuri zaidi. Huo ulikuwa mchezo wa Kuruthum. Mtoto huyu ukimwambia "usiende" hukimbia, lakini ukimwambia "nionyeshe nzuri kuliko hii" atakuletea kabati zima.

"Madam, mimi sijui kuogelea."

Madam Ghada alitabasamu kwanza. "Mtu wa Mombasa?"

"Nalikudanganya, madam. Nisamehe."

Tabasamu likamtoka. "Na mimi ningekuachia mwanangu?" Sauti yake ilitetemeka, na Kuruthum aliona haya hata akatamani sakafu immeze. "Khalas. Toa nguo zako humu. Nitamwangalia mwenyewe. Tukirudi, wakala wako atajua la kufanya na wewe."

"Haya, madam. Lakini mchana, ukilala—"

"Unanifundisha kulea mwanangu?"

Kuruthum akainama, akatoa madera yake mawili na kanga kwenye sanduku. Madam hakuwa mama mbaya. Ila usingizi wa mchana ulikuwa ukimchukua kama mtu aliyelogwa, na siku zote aliyebaki macho alikuwa Kuruthum.

Waliondoka bila yeye, na siku zilizofuata alipiga pasi hata nguo zisizohitaji pasi. Kazi ilikuwa imeshampotea, hilo alilijua, na lilimuuma. Lakini lililomkosesha raha ya kula ni jingine: alikuwa amesema kweli, na kweli yake imemwacha mtoto bila mtu wa kumtazama.

Daphine alikuwa amepanda kunywa chai baada ya zamu yake, simu ya Kuruthum ilipolia. Kwenye kioo ilitokea mbingu, kisha pua ya Muna.

"Kulthum! Niko baharini!"

"Mashallah. Mama yuko wapi?"

"Juu, nyumbani. Amelala. Hii simu yake."

"Na baba?"

"Kwenye mashua."

"Maboya yako je?"

"Sitaki maboya." Mtoto akaisimamisha simu katikati ya mawe. "Nitazame. Nafika pale kwenye jiwe kubwa."

Kuruthum akaona miguu miwili ikienda, na mbele yake maji maangavu. Akikata simu amtafute sir, hakuna atakayebaki na mtoto. Akipiga kelele, Muna atacheka akimbilie ndani zaidi. Akamwonyesha Daphine kwa mkono nambari ya sir iliyobandikwa ukutani, naye akachomoa simu yake, akaanza kumpigia sir.

"Muna, kamwamshe mama."

"Nimemwamsha. Amesema bado." Maji yalishafika vifundoni.

Kuruthum akaishusha sauti, akaifanya ya jikoni.

"Lo, ama mawe ya huko ni mabaya! Yote meusi."

Muna akageuka. "Si meusi! Meupe!"

"Mimi siamini. Nionyeshe moja."

Mtoto akainama, akarudi mbio. Jiwe likaletwa mpaka kwenye kioo, picha ikawa giza, na Kuruthum akabana pumzi mpaka uso ulipotokea tena.

"Umeona?"

"Zuri. Lakini hilo dogo. Huko nyuma yako, karibu na ngazi, naona kuna kubwa zaidi. Nichukue na mimi twende."

"Sir hashiki simu," Daphine alinong'ona, akapiga tena. Kuruthum hakugeuka. Pasi ilikuwa inaunguza kanga mezani; Daphine akaiinua kwa mkono wa pili.

Giza. Uso. Giza tena.

"Hili?"

"Hilo zuri zaidi. Na hapo kwenye ngazi, hakuna?"

Picha ikayumba: bahari, mbingu, vidole vya miguu vilivyolowa, kidato kimoja cheupe.

"Haya, mwanangu," alisema Kuruthum. "Na kwenye kidato cha juu yake je? Nionyeshe jingine."