Tano Tupu za Wifi

Chumba cha kumalizia nguo pale kiwandani kilikuwa na viti viwili tu: kimoja cha mshona vifungo, kingine cha wifi yake, mkata nyuzi. Meneja aliwaambia wazi asubuhi: mashine mpya inakuja, kiti kimoja kinaondoka, na atakayebaki atachaguliwa kwa fomu ya tabia. Fomu, jamani! Miaka kumi na tisa mtu anajichoma sindano vidoleni, leo aulizwe kwenye karatasi kama ana moyo.

Maswali yalikuwa ishirini na manne. Mimi ni mvumilivu. Mimi ni mkarimu. Mimi husema kweli. Jipe alama, moja hadi tano.

"Wifi, nijazie na yangu," mkata nyuzi alinong'ona. "Si unajua mimi na herufi hatusalimiani."

Mshona vifungo akamjazia. Mvumilivu? Tano. Mkarimu? Mwanamke yule alikuwa mkono wa birika, chumvi tu aliificha chini ya kitanda. Lakini alikuwa dada wa marehemu mumewe, na waliishi nyumba moja. Tano! Alimpamba kama bibi harusi.

Ilipofika zamu yake, kalamu ikawa nzito. Kwao mtu aliyejisifu aliambiwa hana haya. Mkweli? Juzi tu alimdanganya daktari kwamba amemaliza dawa. Mbili. Mnyenyekevu? Aliona aibu hata kulisoma swali lenyewe, akaandika moja.

Ijumaa meneja akawaita wote wawili.

"Mama, umeandika mwenyewe kwamba si mkweli, si mkarimu, huna subira. Mwenzako ana tano tupu. Sasa mimi nifanyeje?"

Mshona vifungo akacheka, akidhani anataniwa. "Bosi, hizo tano nimeziandika mimi! Muulize wifi."

"Ni kweli?" meneja akamuuliza mkata nyuzi.

Mshona vifungo hakuwa na wasiwasi hata chembe. Wifi huyu alipougua homa, yeye ndiye aliyemuuguza, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko.

Mkata nyuzi akakung'uta nyuzi kwenye sketi. "Nimejaza mwenyewe," akasema. "Wifi yangu nampenda, bosi, ila kweli kwake ni shida kidogo. Si kaandika mwenyewe?"

Loo! Meneja alishamaliza, akampa mkata nyuzi mkataba mpya akausome, atie sahihi, aurudishe kabla ya saa sita.

Kwenye ngazi mkata nyuzi akamkimbilia wifi yake. Hakuomba radhi. Akamnyooshea ule mkataba.

"Nisomee basi, wifi, saa zinakwenda."

Mshona vifungo alitamani kuuchana vipande vipande amtupie usoni. Akaupokea, akausoma wote kwa sauti, kisha akamwonyesha pa kutia sahihi.