Mwashi Asiyeombewa

Mwalimu alikuwa na mzaha wake mmoja kuhusu mizuka, na wanafunzi wake wa ubatizo waliujua kabla hajafungua kinywa. "Roho ya mtu si kuku," alikuwa akisema, "kwamba ukishaifungulia banda inazurura nyuma ya nyumba za watu. Mtu akifa anahukumiwa papo hapo. Mbinguni, motoni, au toharani akasafishwe. Kituo cha nne hakuna." Watu wazima wenye ndevu zao walivunjika mbavu. Kisha, akiwa ameshawateka, aliongeza lile ambalo wengi hulisahau: kwamba Mungu akipenda anaweza kuiruhusu roho iliyoko toharani imtokee mtu, na ikitokea haiji kutisha, inakuja kuomba sala. Ukimwona marehemu wako usitimue mbio, msalie.

Alikuwa katekista mzuri, tusimnyime haki yake. Aliweza kunyamazisha watoto arobaini kwa jicho moja, na sauti yake ya kusoma ilifika viti vya nyuma hata umeme ulipokatika. Kama alikuwa na kasoro, ni kwamba katika maisha yake hakuwahi kujibu "sijui". Ukimuuliza njia atakuelekeza, hata ya mtaa ambao hajawahi kuutia mguu.

Kila mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kuwaombea marehemu, waamini waliandika majina ya watu wao kwenye vikaratasi wakavitia katika sanduku mbele ya altare. Mwalimu ndiye aliyevipanga na kuandaa orodha ya kusomwa kwenye Misa. Alijua miandiko ya parokia nzima, nani anaandika kwa wino mwekundu, nani anaorodhesha ukoo mzima mpaka wajomba wa mbali. Na kila mwaka, akifika kwenye karatasi ya Mama Pindo, alisoma majina manne, la baba yake, la mama yake, la kaka yake na la shangazi yake, kisha akatazama dirishani kana kwamba kuna mtu amemwita. Jina la tano halikuwepo. Alijua vizuri kwa nini halipo, maana yeye ndiye aliyelizuia.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kumwona mtu anapita na pindo limefumuka akanyamaza. Angemwita hata kama hamjui, amsimamishe mlangoni na kumshonea hapo hapo, sindano ikipita karibu kabisa na goti. Kanzu zote za watumishi wa altare alizishona yeye. Hata ile ya Mwalimu.

Miaka kumi na tisa iliyopita mumewe, mwashi, alijiua. Mwalimu alikuwa na miezi mitatu tu katika parokia ile, na hakuna mtu mwenye majibu mengi kama katekista wa miezi mitatu. Mjane alikuja ofisini asubuhi, khanga ameifunga ovyo, akaomba kuonana na padre kwa ajili ya mazishi na Misa ya kumwombea marehemu. Padre alikuwa amelala, amerudi alfajiri kutoka kwa mgonjwa. Mwalimu angeweza kumwambia mama yule asubiri saa moja. Badala yake alivuta kitabu kimoja cha zamani, kimechakaa, hakina hata jalada, akakifungua mbele yake kama hakimu. "Mtu aliyejiua haombewi," alimwambia. "Amekwisha kujihukumu mwenyewe. Ukimwombea unashindana na Mungu." Mjane akasema asante. Asante, hivyo hivyo, akaondoka. Jioni padre alipouliza yule mama alitaka nini, Mwalimu alijibu kwamba ameshapata jibu. Mwashi akazikwa na majirani, bila sala hata moja, na kwa siku kadhaa Mwalimu alijiona ni mtu wa msimamo.

Hilo lingeweza kuitwa kosa, na kosa ni la kila mtu. Lakini miaka minane baadaye alikwenda kwenye semina ya makatekista, na padre aliyefundisha akalieleza jambo lile bila kuuma maneno: Kanisa linawaombea waliojiua, linawazika, linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na hakuna binadamu mwenye ruhusa ya kusema fulani yuko motoni. Mwalimu aliandika yote kwenye daftari. Alipiga na mstari chini yake. Alirudi nyumbani akiwa ameamua kwamba Jumapili hiyo hiyo atamwambia Mama Pindo. Jumapili hiyo ilinyesha mvua. Iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Baadaye akajiambia kwamba kidonda kimeshapona, cha nini kukichokonoa, na hapo ndipo alipovaa miwani ya mbao, akaizoea, ikawa kama ni ya macho. Ilipita miaka kumi na mmoja.

Mwaka huu Mama Pindo hakuleta karatasi. Alikuja mwenyewe, Jumanne, akakuta Mwalimu amezungukwa na vikaratasi vya wafu wa watu.

"Karibu kiti, mama."

Hakukaa. "Nina shida, Mwalimu. Ila usinicheke."

"Nikucheke kwa lipi?"

"Baba wa mtoto wangu anakuja."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Anakuja wapi?"

"Pale ninaposhonea. Saa tisa mchana, jua linawaka. Mara tatu sasa. Anakaa kwenye kiti cha wateja na ile suruali yake ya kazi, ina saruji magotini. Hasemi kitu. Ananitazama tu nikishona."

"Unalala vizuri siku hizi? Presha umepima?"

"Presha yangu ni nzuri kuliko yako," alisema Mama Pindo. "Jirani yangu ananiambia ni mzimu, anajua mtaalamu wa kufukuza. Nikamwambia mimi sina haja ya wataalamu, nina Mwalimu wangu. Njoo na maji ya baraka unifukuzie."

Mwalimu alisukuma vikaratasi pembeni. "Nikuitie padre? Hii ni kazi ya padre."

"Padre simtaki. Huyu kijana kaja juzi, hajui mambo yetu. Wewe ndiye uliyeniambia ukweli wakati ule, wengine wote walikuwa wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekushukuru miaka yote, sijakwambia tu."

Hapo ndipo angepaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, ofisini hakuna mtu, na maneno aliyajua kwa moyo, yana mstari chini yake. Lakini mtu akishasifiwa kwa kosa lake, kulikiri kunakuwa kazi mara mbili. Mwalimu alinyanyuka, akachukua chupa ya maji ya baraka kabatini, akamfuata kama mtoto aliyetumwa.

Chumba cha kushonea kilikuwa cha mlango mmoja, kinatazama barabara. Cherehani kando ya ukuta, meza ya kukatia, nguo zilizokwisha zimening'inia kwenye waya, na karibu na mlango kiti cha wateja, cha mbao, kimefunikwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mtu. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa tisa. Mama Pindo aliketi kwenye cherehani yake, miguu akaiweka juu ya pedali ila hakukanyaga.

Mwalimu alinyunyiza kona ya kwanza. Alinyunyiza ya pili. Maji yakaangukia gauni la harusi la mtu, naye akaomba radhi, kwa gauni. Alikuwa anajua anachokifanya, na hilo ndilo lililomchoma. Si yeye aliyefundisha miaka yote hii kwamba roho ikija inakuja kuomba sala? Kama mwashi yule kweli alikuwa anakuja, basi alikuwa amekuja kupiga hodi kwa mtu mmoja tu duniani anayeweza kumsaidia, na Mwalimu amebeba chupa kwenda kumfungia mlango kwa mara ya pili. Na kama haji, kama ni uchovu tu wa mama wa watu, basi uchovu huo nao yeye ndiye aliyeupanda.

Alipofika kwenye kiti, Mama Pindo alisema, "Ngoja kwanza." Kisha akakizungumzia kile kiti, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa kwamba dawa zimekwisha. "Baba, nenda. Usinitazame hivyo. Mwalimu alishaniambia, huku hakuna sala yako. Hata ningetaka, ningekuwa nashindana na Mungu. Nenda."

Aibu ilimpanda Mwalimu kuanzia miguuni. Aliweka chupa juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki.

"Mama, siku hizi Kanisa linaruhusu kuwaombea watu kama yeye."

Mama Pindo aligeuka polepole. "Siku hizi? Tangu lini?"

Alikuwa ameshaanza kulitupia Kanisa mzigo wake, na lilikuwa kubwa, lingeubeba bila kulalamika. Mwalimu aliuchukua mwenyewe. "Hata siku ile uliyokuja ofisini lilikuwa linaruhusu. Padre angekubali. Mimi sikumwamsha. Nilisoma kitabu cha kale nikakujibu bila kumuuliza mtu. Hakuna anayejua mumeo yuko wapi, mama. Kati ya mkono wake na pumzi yake ya mwisho Mungu alikuwepo. Anaombewa. Alitakiwa aombewe tangu siku ile."

Mama Pindo alishusha miguu kutoka kwenye pedali.

"Na wewe umejua lini?"

Angeweza kusema juzi. Neno hilo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye semina."

Mama Pindo alivua miwani yake akaipangusa kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena, akamtazama kama anayempima mtu nguo. "Miaka kumi na mmoja umenipa mkono wa amani kila Jumapili," alisema. "Umesoma karatasi yangu kila mwaka. Uliona hayupo."

"Niliona."

"Binti yangu alikuwa na miaka sita baba yake alipokufa. Usiku mmoja anasali, akasema baba apumzike kwa amani. Nikamchapa mdomoni, Mwalimu. Kwa mkono huu. Nikamwambia asirudie tena, atamkasirisha Mungu. Hajarudia mpaka leo."

Mwalimu aliutazama mkono ule. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi haikuwa na haraka naye.

"Sali," alisema Mama Pindo.

"Sasa hivi?"

"Unasubiri semina nyingine?"

Mwalimu akapiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi, akafumba macho. Sala za wafu alizijua zote. Alifanya ishara ya msalaba, akaanza kwa sauti yake ile ya kufika viti vya nyuma, akaisikia inavyojigamba, akaishusha. Akamwomba Baba wa huruma ampokee mtumishi wake. Hapo ndipo mahali pa jina, na hapo akakwama.

Alitafuta. Mwashi. Yule mwashi. Marehemu mume wa Mama Pindo. Yule aliyejiua. Kwa miaka kumi na tisa alimwita hivyo kichwani, na kwenye karatasi zote zilizopita mikononi mwake jina hilo halikuwahi kuandikwa. Alifumbua macho akakuta mama anamtazama.

"Hulijui," alisema Mama Pindo.

"Silijui, mama."

Akalitaja. Lilikuwa jina la kawaida tu, lenye wenzake wawili watatu kwenye orodha ya mwaka huu. Alilitaja kwa tabu, kwa mdomo uliokuwa umelikataza, kisha akashuka kwenye kiti chake akapiga magoti upande wa pili wa meza. "Anza upya," alisema. Mwalimu akaanza upya, na alipofika kwenye jina walilisema pamoja, na yeye ndiye aliyelia, mama hakulia.

Walipoinuka ilikuwa imeshapita saa tisa. Hakuna aliyekitazama kiti. Mama Pindo alichukua ile chupa ya maji akaifunga kizibo barabara, akamrudishia.

"Binti yangu yuko kazini, duka la dawa la hapo kona. Nenda ukamwambie."

"Twende wote, mama."

"Mimi nina langu la kumwambia jioni, la mkono wangu. La kwako lipeleke mwenyewe."

Duka la dawa lilikuwa mwendo wa dakika tatu. Alitumia kumi. Alipita mlango mara moja akajifanya anatafuta duka jingine, akarudi, akapiga moyo konde akaingia. Hakukuwa na mteja. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, anapanga vichupa vya dawa ya kikohozi, mrefu, mashavu ya baba yake labda, Mwalimu hakuwa na njia ya kujua. Alimfundisha komunyo ya kwanza, huyu. Alimfundisha na kipaimara. Binti alipomwona aliacha vichupa, akasimama wima, akainamisha kichwa kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Jibu lake ni neno moja la kuipokea heshima, na mzee hulitoa hata akiwa nusu usingizini. Mwalimu alisimama na chupa yake mkononi, mdomo wazi, na neno halikutoka. Binti akadhani hakusikia, uzee huo, akasogea karibu na kaunta, akamwamkia tena kwa sauti ya juu zaidi, na kwa heshima zaidi.