Globu Iliyokataa Msamaha Wangu

Usiku wa jana niliota, tena baada ya kusali vizuri kabisa, kwamba globu ya ubao wangu wa mazoezi ya umeme imepanda mimbarani na inaniita kwa jina.

“Mama Tusekile, kesho ni mtihani. Ukianguka tena, darasa la jioni basi. Wajukuu umekwisha kuwaambia bibi yao ni fundi?”

“Nimewaambia.”

“Haya, niwashe.”

Nabonyeza swichi. Giza. Globu inaguna.

“Umeme utanijiaje, mama, nawe hukuuwekea njia ya kurudi kwenye betri?”

Kabla sijajibu, mimbari imekuwa meza ya sokoni. Juu yake wameketi Jicho, Pua na Kidole, wamevaa mawe ya mizani shingoni. Nawajua. Ni mtandao wangu wa neva, ile programu ya kompyuta ninayoifundisha darasani. Kazi yao ni kutambua parachichi lililoiva, na mwenye mawe mengi ndiye anayesikilizwa. Jicho limevaa kilo tano. Wenzake, robo robo.

“Limeiva!” Jicho linatangaza.

Parachichi linakohoa. “Mimi ni bichi. Nigongeni mezani.”

Tunaligonga. Ko!

“Nimewasamehe,” nasema, kama ninavyosema kila siku darasani. “Tuendelee na lingine.”

“Ndipo unapoangukia hapo!” inafoka globu. “Unawasamehe kabla hawajajua walipokosea. Kosa nalo lina njia yake ya kurudi.”

“Lakini nimefundishwa kusamehe.”

“Samehe. Kisha punguza mawe ya Jicho.”

Kosa lina miguu mifupi na linaona haya. Nalishika mkono, tunarudi nalo nyuma, mlango kwa mlango. Jicho linavuliwa kilo, Kidole kinavishwa.

“Mama, mkubwa hapa ni mimi!” Jicho linalalamika.

“Mkubwa wa kudanganywa na rangi,” Kidole kinajibu.

Tunarudia, tunarudia, mpaka wote wanasema kwa sauti moja, “Bichi!”

“Amina,” linasema parachichi, na kujifuta machozi.

“Na mimi?” inauliza globu.

Waya sina. Navua bangili yangu ya shaba, naiweka penye pengo la njia ya kurudi. Soko zima linang’aa, na wajukuu wangu wanapiga vigelegele juu ya magunia.

Nikaamka. Nikapiga magoti kushukuru, na nilipokunja mikono nikaona kifundo cha mkono wa kushoto kitupu. Bangili ile haijawahi kunivuka tangu harusi. Sabuni ilishindwa, mafuta yalishindwa.

Ilikuwa mezani, imeziba pengo la ubao wa mazoezi. Globu inawaka.