Sauti ya Mama Ndani ya Diski

Ijumaa mchana nilikuwa nimechoka hadi kope zinauma. Tangu asubuhi ni simu zilizoanguka chooni na laptopu zilizomwagiwa chai, na kila mtu anataka yake saa hii hii. Ndipo akaingia mwanamke wa leso nyeusi, diski mkononi, akaangaza macho kibandani kote.

"Sasa. Fundi ako wapi?"

"Unamwangalia."

Akaomba msamaha. Aliitwa Wangu, ametoka Lanet, na kesho walikuwa wanamzika mama yake. Ndani ya diski, akasema, mna sauti ya mama akiimba kanisani, ya pekee waliyo nayo. Alitaka ichezwe kaburini pamoja na picha. Lakini diski ilikubali kusomwa tu. Ukijaribu kuweka kitu, inakataa.

"Kuna fundi mwingine ameigusa?"

Huwa nauliza kila mtu, kwa sababu kazi iliyopitia mikono mingine siishiki. Watu wa huku hutembeza kifaa duka hadi duka kama mgonjwa anayezungushwa kwa waganga, halafu kikifia kwako, mchawi ni wewe.

"Haki ya Mungu, hakuna."

Haya. Nikaichomeka. Virusi hakuna. Mtu alikuwa ameifunga kwa amri, makusudi kabisa, isiandikwe. Hapo ilifaa nijiulize ni nani na kwa nini. Lakini mgongo ulikuwa unaniwaka, na amri ya kufungua ni fupi. Nikaiandika, diski ikafunguka.

"Lete hizo picha."

Akanipa flashi. Mama shambani, mama na wajukuu, mama kwa harusi ya sijui nani, na video za matanga za wiki nzima. Nikazimwaga zote ndani, diski ikajaa pomoni. Wangu akashusha pumzi.

"Sasa nionyeshe ile sauti."

"Si wewe ndiye unajua iko folda gani?"

"Lakini umefungua. Si sasa itatoka?"

Nikamgeukia. "Itatoka wapi, dada?"

Ndipo aliposema ukweli. Kaka yake, Peterson, aliifuta ile sauti akitafuta nafasi ya sinema zake. Fundi wa mtaani kwao akamwambia Wangu kwamba faili iliyofutwa hubaki mle ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Akaifunga diski isiandikwe, akamwambia asubiri atafute programu ya kuifukua. Tangu hapo hashiki simu. Wangu naye akadhani kufuli ndiyo iliyoizuia sauti isitoke.

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ningepata nini? Ungekataa kuishika."

Kweli ningekataa. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia fundi wake, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe, mtu mzima kufungua kufuli bila kuuliza ilifungiwa nini. Nikaanza kufukua. Tulikaa pale tukitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini, yeye akisali chini kwa chini. Mwishowe likatokea jina la faili: Mama Kwaya. Wangu akanishika mkono. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Pale sauti ilipokuwa, sasa palikuwa na picha tulizomwaga.

"Imeenda, Wangu. Pole sana. Tumeandika juu yake."

Nilitarajia alie, au anitukane. Alikaa tu kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Nilimwambia Peterson asikanyage mazishini," akasema. "Nilimwambia mchanga wa kaburi la mama hataushika."

Maji yakimwagika hayazoleki. Akatoa simu, akapiga, ikakatwa. Akapiga tena, ikaita sana kabla ya kushikwa.

"Peterson, usikate, tafadhali. Kesho njoo. Njoo mapema, ukae na sisi mbele." Akasikiliza. "Hapana, haijapatikana." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Mimi pia nimeifuta."